Jua la Jumla, Jua la Rejareja

Saa moja ya usiku ndiyo saa ngumu kwa waongozaji wa gridi ya umeme Afrika Mashariki. Jua limeshazama, watu wamerudi nyumbani, na taa, runinga, pasi na birika zinawashwa kwa mkupuo. Shamba la sola la Garissa, ambalo saa sita mchana lilikuwa likifanya kazi yake barabara, sasa limelala. Mabwawa yanafunguliwa, mvuke wa jotoardhi wa Olkaria unatumika wote, na usipotosha, mitambo ya mafuta inawashwa na bili inapanda.

Saa hiyohiyo, kilomita 35,786 juu ya ikweta, jua linawaka. Huko ndiko kuliko mzingo ambamo setilaiti huenda sambamba na mzunguko wa dunia, hivi kwamba ukizitazama kutoka ardhini zinaonekana zimesimama. Kila mita ya mraba inayolielekea jua huko juu hupokea wati 1,361. Hapa chini, adhuhuri ya siku isiyo na wingu, tunabaki na kama wati 1,000, na hizo ni za saa chache tu. Huko juu hakuna usiku wa kila siku. Kwa kuwa dunia imeinama kwenye mhimili wake, kivuli chake huzipita setilaiti hizo juu au chini kwa muda mwingi wa mwaka. Huzigusa majuma machache tu ya karibu na Machi na Septemba, tena kwa dakika 70 hivi kwa siku pale kinapozidi. Hata giza hilo huingia karibu na usiku wa manane wa nchi iliyo chini ya setilaiti, wakati watu wamelala na umeme hauna haraka. Ungemwambia mhandisi wa gridi ajipangie mwenyewe ratiba ya jua, angepanga karibu hivyohivyo.

Wazo la kuweka paneli huko na kuuteremsha umeme duniani si geni. Isaac Asimov alilitumia katika hadithi ya kubuni mwaka 1941, lakini hadithi haidaiwi hesabu. Aliyedaiwa hesabu akazitoa ni Peter Glaser, mhandisi wa Marekani mzaliwa wa Chekoslovakia, katika jarida la Science la Novemba 1968. Miaka mitano baadaye alipata hataza yake. Mpango wenyewe ni mwepesi kuueleza: paneli zinageuza mwanga kuwa umeme, umeme unageuzwa kuwa mawimbi ya maikrowevu, mawimbi yanashuka, na antena ardhini zinayadaka na kuyarudisha kuwa umeme wa kupita kwenye nyaya. Maikrowevu yalichaguliwa kwa sababu yanapenya mawingu na mvua. Mwanga wa leza ungezuiwa na wingu la masika kama jua lenyewe linavyozuiwa.

Msomaji akifika hapo hushituka kwenye kiungo cha katikati: umeme bila waya, kutoka angani? Ajabu ni kwamba hicho ndicho kiungo kilichothibitishwa mapema zaidi, hata kabla ya Glaser kuandika. Mwaka 1964 William Brown, mhandisi wa kampuni ya Raytheon, alirusha helikopta ndogo isiyo na mafuta wala betri ya kuiendesha. Ilielea kiasi cha mita 18 juu ya ardhi kwa saa kumi, ikila maikrowevu yaliyorushwa kutoka chini. Siri yake ilikuwa kifaa alichokibuni mwenyewe, rektena, yaani antena ndogo iliyounganishwa na diodi. Diodi hupitisha umeme upande mmoja tu. Wimbi linaloyumba mbele na nyuma mara bilioni mbili na nusu hivi kwa sekunde likiingia hapo, linatoka likiwa mkondo mmoja unaokwenda mbele, aina ileile ya umeme unaotoka kwenye paneli au betri.

Mwaka 1975, katika jangwa la Mojave huko California, Brown na wahandisi wa NASA waliurudia mchezo huo kwa kiwango kingine. Kwenye kituo cha Goldstone walirusha maikrowevu hewani kwa kilomita moja na nusu, wakapokea zaidi ya kilowati 30. Katika nishati iliyoigusa rektena, zaidi ya asilimia 80 iligeuka kuwa umeme.

Basi kwa nini nusu karne imepita na hakuna hata taa moja ya nyumbani inayowashwa kwa jua la angani? Jibu la haraka ni pesa. Ni jibu la kweli, ila nyuma ya pesa iko sababu ya kifizikia, na asiyeijua hiyo hataelewa kwa nini jambo hili limekuwa la mataifa badala ya kuwa la mafundi.

Wimbi lolote likitoka kwenye antena hutanuka. Hakuna ufundi wa kulikomesha hilo. Ni tabia ya mawimbi, ya maji, ya sauti, ya mwanga. Kiasi cha kutanuka kinategemea urefu wa wimbi na upana wa antena iliyolituma: wimbi refu hutanuka zaidi, antena pana hulibana zaidi. Chukua maikrowevu ya gigahezi 2.45, masafa ambayo wahandisi wa kwanza waliyapenda. Urefu wa wimbi lake ni sentimita 12. Zidisha hizo sentimita 12 kwa kilomita 35,786, gawanya kwa upana wa antena iliyoko angani, kisha zidisha kwa 2.44 kwa sababu antena ni duara. Antena ikiwa na upana wa kilomita moja, doa litakaloanguka ardhini litakuwa na upana wa kilomita 10 na nusu. Ukijibana ukatuma antena ya mita 100, doa linakuwa la kilomita 100 na zaidi, upana wa wilaya nzima.

Sasa angalia linalofuata. Doa la kilomita 10 lina ukubwa uleule, utume megawati 5 au megawati 5,000. Ukituma 5, kila mita ya mraba ya ardhi inapata chini ya sehemu ya kumi ya wati, kiasi ambacho diodi hazikigeuzi kwa ufanisi wowote wa maana, na bado umejenga antena ya kilomita moja angani na uwanja wa kilomita 10 ardhini. Hesabu inakulazimisha kwenda juu. Ndiyo maana NASA na Wizara ya Nishati ya Marekani, walipoufanyia wazo hili uchunguzi mkubwa mwishoni mwa miaka ya 1970, walichora setilaiti yenye paneli za kilomita 5 kwa 10, ya kuleta megawati 5,000. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lililotuchukua miaka kulijenga na kulijaza, ni megawati 2,115. Nao Wamarekani hawakuchora setilaiti moja, walichora 60.

Kwa maneno mengine, umeme wa angani ni bidhaa ya jumla. Hauuzwi rejareja, na asili ya mawimbi yenyewe ndiyo iliyoukataza. Sola ya juu ya bati ni kinyume chake kabisa. Kipande cha paneli cha wati 10 kinafanya kazi kwa ufanisi ulio karibu sawa na wa shamba zima la Garissa. Hakidai ukubwa wowote ili kuanza kazi. Ndiyo sababu mama muuza mboga anaweza kulipia taa tatu na chaji ya simu kidogokidogo kwa pesa za kwenye simu, bila kumwomba mtu ruhusa. Jua la namna hiyo limeingia vijijini paa kwa paa. La angani litaingia kupitia wizara, mabenki ya maendeleo na mikataba.

Wapo wanaojaribu kuikwepa hesabu hiyo. Ukipanda hadi gigahezi 5.8 wimbi linafupika na doa linapungua kwa zaidi ya nusu. Ukitumia leza doa linakuwa dogo sana, lakini mawingu yanakurudisha nyumbani. Ukiishusha setilaiti karibu na dunia umbali unapungua, ila sasa inakimbia angani na kuipita nchi yako kwa dakika chache, kwa hiyo unahitaji msururu wa setilaiti zinazopokezana. Kila njia inaondoa tatizo moja na kuleta jingine, na sijaona inayoishusha bidhaa hii hadi kwenye kaunta ya duka.

Majaribio yaliyofanyika yanasimulia jambo hilohilo. Karibu nasi, kisiwani Réunion katika Bahari ya Hindi, kuna kijiji kiitwacho Grand-Bassin, chini kabisa ya korongo ambako nguzo za umeme ni shida kufika. Katika miaka ya 1990 wanasayansi wa chuo kikuu cha kisiwa hicho walipanga kukipelekea kilowati 10 kwa maikrowevu kutoka ukingo wa juu, umbali wa mita 700. Mpango ulisomwa, ukatengenezewa vielelezo, ukajadiliwa na wataalamu wa nchi mbalimbali. Haukuwahi kuwa umeme wa kila siku wa wanakijiji. Mwaka 2008 Wamarekani na Wajapani wakishirikiana walirusha maikrowevu kutoka kilele kimoja cha visiwa vya Hawaii hadi kisiwa kingine, kilomita 148. Yalifika, na umbali huo ulitosha kushangaza, lakini kilichofika kilikuwa chembe ya kilichotumwa. Antena zilikuwa ndogo mno kwa umbali ule.

Hatua iliyonivutia zaidi ni ya Taasisi ya Teknolojia ya California, Caltech. Tarehe 3 Januari 2023 walirusha chombo chao kwa roketi ya SpaceX. Ndani yake kulikuwa na kifaa chembamba chenye antena ndogo nyingi zilizopangwa kwa safu. Kila antena huambiwa na kompyuta ilianze wimbi lake mapema kidogo au kwa kuchelewa kidogo kuliko jirani yake. Mawimbi yanayofika mahali fulani yote yakiwa yamepanda huongezana nguvu. Yakifika moja limepanda na jingine limeshuka, hufutana. Kwa kucheza na ucheleweshaji huo tu, mwali unageuzwa upande wowote bila kitu chochote kusogea. Hakuna mota, hakuna bawaba ya kukwama angani ambako hakuna fundi wa kupanda kuigonga kwa nyundo. Machi 2023 kifaa hicho kiliwasha taa mbili ndogo zilizokuwa umbali wa futi moja hivi, ndani ya chombo chenyewe. Mei 22 mwali wake ulinaswa na antena juu ya paa la maabara yao mjini Pasadena.

Tusiongeze chumvi. Kilichonaswa Pasadena kilikuwa ishara, si umeme wa kuchemshia chai. Chombo kilikuwa kidogo, na sheria ya doa ilitenda kazi yake: mwali ulipofika chini ulikuwa umetapakaa. Kilichothibitishwa ni kwamba vifaa vyepesi vya namna hiyo vinavumilia safari ya roketi na joto na baridi ya huko, na kwamba mwali unaweza kuelekezwa duniani kwa makusudi.

Ufundi huo wa kuelekeza ndio pia unaojibu hofu ambayo kila mtu huwa nayo: je, mwali ukikosea ukaangukia mji? Katika michoro mingi, uwanja wa kupokelea hupandisha ishara ya mwongozo kwenda kwa setilaiti, na antena zote hujipanga kwa kuifuata. Ishara hiyo ikikatika, antena zinapoteza mpangilio na mwali unasambaratika angani. Hata ukiwa umejipanga sawasawa si mkuki wa moto. Katika mchoro wa NASA wa miaka ya 1970, katikati ya doa palikuwa na wati 230 kwa mita ya mraba, chini ya robo ya jua la adhuhuri, na ukingoni zilishuka hadi 10, kiwango ambacho miongozo ya kimataifa huona kinavumilika kwa watu wa kawaida. Ndani ya uzio ni jambo jingine. Hapo si mahali pa kupiga kambi. Na ndege wa angani hawasomi mabango, kwa hiyo athari za kupita humo kila siku zinahitaji uchunguzi wa miaka, si ahadi za kwenye vipeperushi.

Uzio wenyewe nao una maswali yake, na hapa ikweta inaingia kwa haki. Mzingo huo uko juu ya ikweta. Nchi iliyo mbali kaskazini inapokea mwali ukiwa umelala, kwa hiyo doa linarefuka. Wamarekani walilazimika kuchora uwanja wa kilomita 10 kwa 13. Nanyuki, Entebbe au Mbandaka mwali unaweza kushuka wima, na uwanja ukawa duara dogo kuliko popote duniani. Dogo, maana yake ekari 19,000 na ushei.

Hesabu ya haraka inatoa picha. Shamba la Garissa linatoa megawati 50 jua likiwa kali, kwenye hekta 85. Ukilijaza duara lile la kilomita 10 kwa paneli za Garissa, utapata kama megawati 4,600 adhuhuri, lakini ukigawa kwa usiku, asubuhi na mawingu, wastani wake hauzidi megawati 1,000. Maikrowevu ya angani yangetoa 5,000 mchana na usiku katika eneo lilelile, na kwa kuwa rektena ni wavu unaopitisha mwanga na mvua, wapo wanaosema mbuzi wangeweza kuendelea kulisha chini yake. Mimi ningependa kwanza kumsikia mwenye mbuzi. Kule Marsabit, mradi wa upepo wa Ziwa Turkana ulikuwa umeshaanza kuuza umeme wakati mahakama ya ardhi mjini Meru, mwaka 2021, iliposema kuwa hati za ekari 150,000 za mradi huo hazikupatikana kwa utaratibu unaofaa. Upepo hauna mwenyewe, ardhi inaye. Nishati inayoshuka kutoka juu nayo italazimika kutua kwenye shamba la mtu.

Kuhusu bei, NASA ilitoa ripoti Januari 2024 iliyowaudhi wapenzi wengi wa wazo hili. Ilichukua michoro miwili ya kileo, ikapiga hesabu ya kuiendesha kufikia mwaka 2050, na kupata senti 61 za dola kwa yuniti kwa mchoro mmoja, dola 1.59 kwa mwingine. Hiyo ni kati ya mara 12 na mara 80 ya bei ya umeme wa sola, upepo na vyanzo vingine vya ardhini ilivyotarajiwa kuwa. Senti 61 ni kama shilingi 80 za Kenya, na hapo bado hujalipia nyaya, transfoma wala kodi. Sehemu kubwa ya gharama ni kubeba mzigo kwenda juu. Mchoro wa kwanza una uzito wa karibu tani 6,000, mara 14 ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho ndicho kitu kizito kuliko vyote ambavyo binadamu wamewahi kuviunganisha huko. Watetezi wanapinga wakisema bei ya kurusha roketi inashuka, na wana hoja. Ila bei ya paneli na ya betri za ardhini nayo haijakaa kuwasubiri. Kila mwaka betri zikishuka bei, ile saa moja ya usiku niliyoanza nayo inazidi kutatuliwa hapa chini.

Kwa nini basi Japani, China, Ulaya na Marekani hawaachi? Nadhani ni kwa sababu jumla ina wateja wake. Japani haina ardhi ya kutosha wala jua la kutosha, na gesi inainunua ng'ambo. Mwaka 2015 shirika lake la anga, JAXA, lilirusha kilowati 1.8 kwa mita 55 kwa usahihi mkubwa wa kulenga, na kampuni ya Mitsubishi ikarusha 10 kwa mita 500. Ulaya ya kaskazini ina majira ya baridi ambayo jua lake ni la kuombea dua. Shirika la Anga la Ulaya lilianzisha mpango wa utafiti uitwao Solaris mwaka 2022, mwaka uleule ambao Chuo Kikuu cha Xidian nchini China kilikamilisha mnara wa mita 75 wa kujaribia mfumo mzima kuanzia kunasa mwanga hadi kupokea umeme. Ukiangalia orodha hiyo utaona kila mmoja anajenga kwake. Kwenye makongamano wanakutana, makala wanasomeana, ila vyuma vya pamoja ni vichache. Kituo cha Kimataifa cha Anga kilijengwa na Marekani, Urusi, Japani, Kanada na nchi za Ulaya kwa ubia, tena kikiwa ni maabara tu. Kitu chenye uzito wa mara 14, chenye kuuza bidhaa na kuingia kwenye usalama wa nchi, sioni kikijengwa na wachache bila wengine kuuliza maswali.

Na mteja naye lazima awe tayari. Kenya nzima, katika saa yake ya juu kabisa, hutumia megawati zinazozidi 2,000. Setilaiti moja ya megawati 2,000, ukubwa unaotajwa sana siku hizi, ingekuwa sawa na kuwaunganisha wote kwenye waya mmoja. Mwali ukikatika kwa dakika moja, hata kwa sababu ya usalama, nchi nzima iko gizani. Wahandisi wana kanuni ya zamani kwamba usiweke kwenye gridi chanzo ambacho gridi haiwezi kukipoteza ghafla ikabaki imesimama. Kwa kipimo hicho, gridi inayoweza kuupokea mwali huo ni ya ukanda mzima.

Gridi hiyo inajengwa, kwa sababu nyingine kabisa. Tangu 2022 kuna njia ya kilovolti 500 yenye urefu wa kilomita 1,045 kutoka Sodo, Ethiopia, hadi Suswa, Kenya. Isinya imeunganishwa na Singida kwa kilovolti 400. Huo ndio ushirikiano wa kimataifa wa nishati jadidifu unaoweza kuugusa kwa mkono: maji ya Ethiopia yanakausha nywele katika saluni ya Nairobi. Nao wa rejareja hawajasubiri. Januari 2025 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam kuahidi kuwafikishia umeme watu milioni 300 kufikia 2030, katika bara ambalo watu kama milioni 600 hawana. Setilaiti haiwezi kuwa njia ya kuwafikia wengi wao. Mtu anayeishi kilomita 40 kutoka kwenye nguzo ya mwisho hasaidiwi na megawati 5,000 zilizoshukia Laikipia.

Kilichobaki ni anga yenyewe. Desemba 1976, nchi kadhaa za ikweta zilikutana Bogotá, Kolombia, zikatangaza kwamba kipande cha ule mzingo wa kilomita 35,786 kilicho juu ya kila nchi ni mali yake. Kenya, Uganda na Zaire zilikuwemo. Mataifa makubwa yalilikataa tamko hilo kwa kurejea Mkataba wa Anga wa 1967, unaosema hakuna taifa linaloweza kujimilikisha anga za juu. Kisheria walikuwa na haki ya kulikataa. Lakini walioketi Bogotá waliona jambo ambalo wenzao hawakutaka kulisema kwa sauti: kwamba mahali ambapo kila mmoja ana haki, anayefika kwanza na roketi ndiye anayepata nafasi.

Sisi wa pwani tuna kumbukumbu ya karibu zaidi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha uhuru wake, kwenye jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi, setilaiti ya Marekani ilirushwa ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani, na data zake zilisaidia kutambua kile ambacho leo tunakiita shimo jeusi. Mahali palichaguliwa kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia huisukuma roketi bure. Jina lilikuwa letu na msukumo ulikuwa wetu. Data zilikwenda Marekani, na Kenya na Italia zimelazimika kurudi mezani baadaye kujadili upya nani ananufaika na nini kituoni hapo.

Meza ya umeme wa angani, kama itawekwa, iko Geneva, kwenye Shirika la Kimataifa la Mawasiliano la Umoja wa Mataifa. Huko ndiko nafasi za mzingo na masafa hugawiwa. Gigahezi 2.45 za Glaser na wenzake leo zimo kwenye waifai ya sebuleni kwako na spika ya bluutuuth ya kijana wa jirani, na 5.8 nazo zina wenyewe. Kushusha mwali wa gigawati katikati ya masafa hayo kutahitaji kanuni mpya ambazo dunia nzima italazimika kuzikubali, na mikutano ya kuzipanga hufanyika kila baada ya miaka mitatu au minne. Ujao ni wa 2027. Kila nchi mwanachama ina kura moja: Burundi moja, Marekani moja. Mhandisi wa masafa kutoka Bujumbura anachohitaji ni nauli, na miaka kadhaa ya kusoma mafaili kabla ya kupanda ndege.